Barua ya Kumwonyesha Hakimu

Laurel, Maryland
28 Aprili 2025

Kaka Azhar,

Assalam alaykum. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wajua mwenyewe, nikipiga, simu huwekwa kwenye mto wa Mama, na kila ninaloliuliza hulijibu yeye: hajambo, amekula, amelala, na mimi je, nimevaa sweta? Hali ya mgonjwa haiulizwi kwa mgonjwa mwenyewe.

Kuna jambo limezuka. Nimeitwa mahakamani. Usishtuke, sijaiba. Huku ukishakuwa raia jina lako huchanganywa na majina ya wenzako, na siku likitoka unaitwa kukaa juri. Yaani watu kumi na wawili wa mitaani wanasikiliza kesi mpaka mwisho, kisha wao ndio wanaosema mshtakiwa ana hatia au hana. Ni kama wale wazee wa baraza aliokuwa akitusimulia Babu, ila hawa neno lao ndilo la mwisho. Waliniita mara ya kwanza mwezi wa Machi, nikaomba waahirishe kwa sababu ya Ramadhani, wakakubali. Sasa wameniita tena, tarehe kumi na mbili Mei, kule Upper Marlboro, na kuahirishiwa kirahisi ni mara moja tu. Mara yangu nimeitumia kwenye saumu, nikajiona mjanja kweli.

Nami nilikuwa nataka kuja Mei hiyo hiyo, nisingoje Idi ya kuchinja. Sauti ya Mama Jumapili iliyopita haikunipendeza.

Kila mtu ana dawa yake ya kukwepa. Nyaguthii, tunayefanya naye kazi, ameniambia, "Wewe sema tu unachukia polisi. Utarudishwa nyumbani hiyo hiyo siku." Method wa duka la nyama kasema, "Dada, waambie Kiingereza hakipandi." Bi Cheryl, yule ajuza ninayemtunza, kashika kalamu kabisa: atamwandikia hakimu kwamba bila mimi atakufa. Nikacheka. Wenzetu hawa neno hilo hawaliogopi. Nikamjibu kwamba Nyaguthii atanishikia zamu, hatakufa.

Kaka, mimi nilinyanyua mkono nikaapa siku ya kuchukua uraia. Siwezi kwenda kumdanganya hakimu. Lakini ukweli naweza kuusema, na nimeuliza: mtu mwenye mzazi mahututi husamehewa. Hakimu anataka kitu cha kuona tu. Basi niandikie. Eleza hali ya Mama ilivyo, kwa Kiswahili, nitafasiri mwenyewe. Ikiwa ni mbaya, andika mbaya. Mimi si mtoto.

Mdogo wako,
Tasnim


Kibokoni, Mombasa
1 Mei 2025

Mdogo wangu Tasnim,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata, na ile habari ya kukimbilia Ramadhani nimemsomea Mama. Kacheka mpaka akakohoa. Kasema, "Mwambieni Mungu hachezewi."

Umetaka hali yake. Mama hajambo, alhamdulillahi. Miguu imemvimba kidogo, na ni kweli chakula hakimpiti kooni kama zamani, lakini asubuhi ya leo kanywa uji wa mchele, kisha akadai mahamri na mbaazi. Mke wangu Layla akamfanyia, akala. Jioni tunamkalisha karibu na dirisha, na kila apitaye chini Mama humjua kwa sauti ya viatu, na hapiti bila kusemwa. Dawa anameza. Daktari amesema apumzike nyumbani, hospitali haina haja tena.

Kwa hivyo usijitie mashaka. Muonyeshe hakimu barua hii, aone kuwa una mama mgonjwa anayekungoja. Naye ana mama, ataelewa.

Nduguyo,
Azhar


Kibokoni, Mombasa
1 Mei 2025

Ndugu yangu Mbarak,

Nakuandikia wewe kama mtoto wa ami na kama mtu wetu wa pekee aliye karibu na Tasnim huko. Siri hii ni yako na mkeo Fatma, isitoke.

Mama hatutakuwa naye kwa muda mrefu. Moyo umechoka, maji yamepanda mapafuni. Madaktari wametuambia tumrudishe nyumbani awe na watu wake. Nyumbani hapo anajikaza. Uji ninaousema kwa watu ni vijiko vitatu, na hamri alilodai alilimega, akalishika mkononi mpaka akalala nalo.

Tasnim ameniomba nimwandikie hali halisi, aionyeshe mahakamani apate kusamehewa ule wito wa juri. Wallahi niliandika. Niliandika kila kitu, nikiwa nimekaa miguuni pa kitanda. Mama akaniuliza naandika nini. Sikuwahi kumdanganya, nikamwambia. Akanitazama kwa macho yale unayoyajua.

"Wamwandikia hakimu kuwa nafa? Mie nimekufa?"

Nikamwambia la, ni ili Tasnim aruhusiwe.

"Mtu haandikwi maiti yu hai, Azhar. Ni fali mbaya hiyo. Wataka kunihimiza? Futa. Kisha nisomee ulichoandika."

Ningefanya nini? Nilifuta. Nikaandika nyingine, nikamsomea neno kwa neno, na kila nilipokaribia ukweli aliinua kidole. Iliyokwenda kwa Tasnim ni hiyo. Nyingine ya siri nimeshindwa kuiandika. Nilijaribu tena jikoni, mkono ukakataa. Nikajiambia, nikiandika na usiku huo huo ikatokea, nitaishi vipi?

Nakuomba umwendee. Mwambie aje haraka, lakini usimtishe. Mahakama najua itamwachilia. Mama mgonjwa ni mama mgonjwa.

Azhar


Sterling, Virginia
4 Mei 2025

Ndugu Azhar,

Tumekwenda kwa Tasnim leo, mimi na Fatma. Katupikia biriani. Kabla hata hatujavua viatu ametusomea barua yako. "Mama kala mahamri!" Anasema hivyo huku anaruka kama mtoto. Fatma aliingia msalani, akafungulia maji, akalia.

Nimemwambia mara mbili apande ndege kesho, mahakama aitupe. Kasema wito wa mahakama hautupwi, watamtoza faini, pengine wamtafute. Nikamwambia basi omba kwa nguvu. Kasema, "Nitamuonyesha barua ya Kaka." Zaidi ya hapo ningesema nini, na wewe umenifunga ulimi?

Sikiliza, ndugu yangu. Sisi tuliokulia hapo, tukisoma "Mama hajambo, alhamdulillahi, daktari kasema apumzike nyumbani," tunaanza kutafuta tikiti. Huku hakimu anasoma kilichoandikwa. Na Tasnim amekaa huku kiasi cha kusoma kama wao. Au hataki kujua, sijui. Mwandikie nyingine. Mama haoni barua pepe zako. Fali nitaibeba mimi.

Mbarak


Laurel, Maryland
13 Mei 2025

Kaka Azhar,

Nimeshindwa. Nimo kwenye juri.

Jana tulijazwa kwenye chumba, watu wa kila namna, kila mmoja na uso wa kutafuta mlango. Tukapandishwa mbele ya hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Akasema mwenye shida kubwa ya kumzuia asogee. Jamani, ungeona foleni! Mmoja ana paka anayedungwa sindano, mwingine amelipia hoteli ya ufukweni. Ilipofika zamu yangu nilisogea na barua yako mkononi.

Nikamwambia mama yangu anaumwa Mombasa nami nataka kwenda kumwona. Hakucheka, hakunidharau. Akaniuliza, "Madaktari wanasemaje?" Nikamsomea. Nilifasiri kama ulivyoandika, sikuongeza, sikupunguza. Uji, mahamri, dirisha, watu wanaosemwa kwa viatu vyao. Hapo kwenye viatu alitabasamu. Daktari amesema apumzike nyumbani, hospitali haina haja tena. Akasema, "Nafurahi kusikia anaendelea vizuri. Kesi hii haitazidi wiki mbili, kisha uende ukakae naye. Mpe salamu za mahakama hii." Nilitaka kusema kuna kitu moyoni kinaniambia vingine, lakini sikuwa na cha kumuonyesha. Moyo haufasiriki.

Walipoulizwa mawakili, hakuna aliyenikataa. Mimi ni wa saba katika kumi na wawili.

Kesi yenyewe siruhusiwi kuisema, si kwako, si kwa Mbarak, si kwa yeyote, mpaka iishe. Jioni narudi nyumbani nimejaa maneno na sina wa kumwambia. Basi wewe ndiwe uniambie ya huko. Mpe Mama salamu za hakimu, kisha niambie kazipokeaje.

Tasnim


Kibokoni, Mombasa
15 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimempa salamu. Alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala. Akauliza, "Hakimu wa Amerika kanisalimu mie?" Nikamwambia ndiyo, tena mwanamke. Akataka Layla amfunge mtandio vizuri, kama kwamba mgeni yuko mlangoni. Tangu hapo kila ajaye kumtazama anaambiwa: mwanangu anahukumu huko, yeye na hakimu wanakaa pamoja. Nimejaribu kumsahihisha nikaona sina haki.

Tasnim, nataka kukuambia jambo. Nimeandika mstari huu nikaufuta, nikauandika tena. Jambo lenyewe ni kwamba Mama anapenda kukuona. Kesi ikimalizika panda ndege, usingoje Idi. Usinunue zawadi, usipange masanduku. Njoo ulivyo.

Azhar


Kibokoni, Mombasa
21 Mei 2025

Mbarak,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama ametutoka leo alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri.

Jana tangu alasiri alikuwa akimtaka Tasnim. Si kwa kelele. Anafungua macho, anauliza, "Kaja?" anafumba. Nikapiga simu, imezimwa. Nikapiga tena na tena. Kwake ilikuwa asubuhi, yuko mahakamani. Nikamwandikia: piga ukipata nafasi. Sikuandika zaidi. Unajua Mama aliniuliza nini? "Hapatikani?" Nikamwambia yuko kazini na hakimu, Mama, anaamua. Akasema, "Muacheni basi. Msimharakishe." Baada ya isha hakusema tena.

Baadaye ujumbe wa Tasnim ukaingia: amechoka, anadhani tumelala, atapiga Jumapili kama kawaida, nimbusu Mama. Nilimbusu.

Sasa hivi ananipigia na sishiki simu. Siwezi kumwambia kwa simu, aanguke peke yake kwenye ile nyumba na hakuna wa kumshika mkono. Tangu lini mtu akaambiwa msiba na chombo? Nenda wewe na Fatma. Ila mngoje atoke mahakamani, msimkute barabarani anaendesha gari.

Ulinionya. Naomba usiniambie tena.

Azhar


Laurel, Maryland
22 Mei 2025, Alhamisi

Kaka Azhar,

Imekwisha! Sasa naruhusiwa kusema, na wewe hushiki simu, basi utasoma yote.

Ni kijana, Kaka, umri wa mwanao wa kwanza. Alishtakiwa kupora duka na kumjeruhi mwenye duka. Shahidi alimwona kutoka ng'ambo ya maegesho, jioni, mvua inanyesha, mporaji kajifunika kofia ya koti. Juzi Jumanne tukafungiwa chumbani kuamua. Simu zetu zote zikakusanywa na askari wa mahakama. Tukapiga kura: kumi na mmoja wakasema ana hatia. Wa kumi na mbili ni huyu dada yako.

Sikuwa na hoja kubwa. Nilisema tu sina hakika, na hakimu alituambia asiye na hakika asiseme ana hatia. Kaka, walinitazama! Bwana mmoja akasema kwa uchovu, "Mama, tungeweza kutoka saa sita mchana." Na kweli tungetoka. Nami nilitamani. Lakini nikajiambia, nina haraka gani? Mama hajambo, anakula mahamri, ananisubiri. Kijana huyu akifungwa, yeye ndiye mwenye haraka. Naweza kukaa hapa hata wiki. Sijawahi kuwa na subira kiasi hicho maishani mwangu. Wasiwasi wote wa wiki zile uliniondoka.

Jumanne ikapita. Jana, mwanamke aliyekaa kando yangu akasema hata yeye hakuwa na hakika, aliona haya kusema. Kisha wakaja wengine. Leo asubuhi tukakubaliana sote: hana hatia. Kijana aliinamisha kichwa mezani, hakukiinua.

Nilipotoka kwenda kwenye gari, mama yake akanifuata. Sijui nani alimwambia ni mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akuwekee mama yako." Nikaitikia amin. Nimeendesha njia nzima nalia kwa furaha, nikifikiria nitakavyomsimulia Mama. Tikiti nimeshaitafuta, ya Jumamosi ipo.

Lakini mbona simu zako zote zile za Jumanne, kisha kimya? Mama ameudhika kwamba sikupatikana? Mwambie nitamsugua miguu kila siku mpaka anisamehe.

Mbarak na Fatma wanakuja, wamepiga simu kuwa wako njiani. Siku ya kazi, kutoka Sterling, na msongamano wa jioni? Nawaona dirishani, wanaegesha. Mbarak amevaa kanzu. Leo si Ijumaa.

Naituma hivi hivi


Laurel, Maryland
2 Juni 2025

Azhar,

Nimekaa siku hizi zote nikikasirika na wewe, na hasira ndiyo iliyonipa nguvu ya kuamka. Leo asubuhi nimeamka haipo, nimejikuta nalia tu. Kwa hiyo naandika.

Mbarak hakuwahi hata kufungua mdomo. Fatma alinishika mikono yote miwili hapo mlangoni, nikajua. Nilimwambia, "Lakini anakula." Nikarudia hivyo hivyo, anakula, Fatma, barua ninayo. Nikaenda kuitafuta kwenye mkoba nimuonyeshe.

Mbarak amenieleza yote: kidole cha Mama, barua uliyoifuta, na jikoni. Nimefahamu. Mama namjua. Ningekuwa mimi pale miguuni pa kitanda chake, pengine nami ningefuta. Lakini mimi sikuwa hapo, Azhar. Nilikuwa mbele ya mtu aliyeniuliza kwa upole madaktari wanasemaje, na mkononi nina karatasi ya mahamri. Neno moja lingetosha. Yule mama angeniachia, nilimwona usoni.

Kisha nageuka kwangu mwenyewe. Jumanne ile ningenyanyua mkono na wenzangu, saa sita tungetoka. Ningepewa simu yangu. Huko ingekuwa saa moja jioni, Mama yu macho, anauliza kaja? Ningemsemesha. Na yule kijana angekuwa ndani. Niambie nijutie lipi. Kila usiku nawaweka wawili hao mbele yangu, Mama na mtoto wa yule mama, na sina wenzangu kumi na mmoja wa kunisaidia kuamua.

Ile amin niliyoitikia pale maegeshoni, Mama alikuwa na siku nzima mchangani. Hilo ndilo linaloniua.

Mahakama imeniletea barua ya shukrani. Bi Cheryl anataka niitie fremu. Nimeitia kwenye droo.

Nakuja Jumamosi. Usije kunipokea uwanja wa ndege na watu wengi, njoo wewe na Layla. Nitataka kulala kwenye chumba chake. Usibadilishe mashuka.

Na kabla sijafika nakuomba kitu kimoja. Niandikie ile barua niliyokuomba. Ile ya kumwonyesha hakimu. Iandike kama ulivyoiandika kwanza, kabla Mama hajainua kidole, na utie tarehe ile ile. Sina tena wa kumwonyesha. Fali imekwisha, hakuna kitakachotokea zaidi. Nataka tu kusoma kwamba kulikuwa na siku mtu aliniita.

Tasnim


Kibokoni, Mombasa
1 Mei 2025

Mheshimiwa Hakimu,

Mimi ni Azhar, kaka yake Tasnim uliyemwita kwenye juri. Nakuandikia kuhusu mama yetu.

Mama yetu anakufa. Madaktari wametuambia tumpeleke nyumbani. Hali chakula, anaonja tu ili tusihuzunike. Usiku hawezi kulala chali kwa ajili ya maji mapafuni, tunamwegemeza kwa zamu. Leo amedai mahamri, na alipoletewa alisema, "Hili mwekeeni Tasnim."

Hatujui kama atafika Idi. Dada yangu ni mtu mkweli na atakaa kwenye kesi yako mpaka iishe, akiambiwa akae. Tafadhali usimwambie akae.

Mruhusu aje. Mama anamuulizia.

Azhar